Vekta Peke Yake Haitoshi

Miaka ya karibuni wapangaji wa kurasa wa Mombasa wamejifunza kudai jambo moja kabla ya kuanza kazi yoyote ya chapa: nembo iletwe ikiwa vekta, yaani mchoro wa mistari na mikunjo, si picha ya pikseli, vile vijiraba vidogo vya rangi. Dai hilo ni la haki, na limetuepusha na aibu nyingi. Hata hivyo limezaa imani ninayokutana nayo kila mara kwenye maduka ya chapa, kuanzia Moi Avenue hadi Mwembe Tayari, kwamba nembo ikishakuwa vekta imekwisha kuwa tayari, na kilichobaki ni kuiweka ukurasani na kupeleka faili kiwandani. Mimi naona vekta ni sharti la kwanza tu. Ndani ya faili ya nembo mna maagizo: utumike wino gani na kwa kiasi gani, umbo lipi litoboe lililo chini yake na lipi lichapwe juu, mstari uwe mnene kiasi gani. Mashine huyatii maagizo hayo bila kuuliza, hata pale ambapo kioo cha kompyuta kilituonyesha kitu kingine kabisa. Kazi ya mpangaji wa kurasa ni kuyasoma kabla hayajafika kwenye pleti, lile bamba la kuchapia.

Hakuna kazi inayoyafichua mambo haya kama ukurasa wa wadhamini. Kitabu cha mashindano ya shule, kijarida cha maadhimisho ya taasisi, au ratiba ya mkutano wa siku mbili katika hoteli ya Nyali, vyote huishia na ukurasa wa nyuma uliojaa nembo za waliochangia. Kila nembo imechorwa na mtu mwingine, kwa programu nyingine, mwaka mwingine. Moja huja kama picha ya WhatsApp iliyokatwa kutoka kwenye kichwa cha barua; nyingine ni faili ya CorelDRAW, ambayo InDesign, programu ya Adobe ya kupangia kurasa, haiwezi kuifungua; nyingine ni PDF iliyonakiliwa mara nyingi hata mwenyewe hajui ilitoka wapi. Mwenye kitabu anataka zote zikae pamoja kwa heshima sawa, na kila mdhamini atakapokipata kitabu atatafuta nembo yake kwanza, kabla hata ya kusoma jina la mgeni rasmi.

Kuhusu picha za pikseli sitakaa sana, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Chapa ya ofseti, ile ya kiwandani inayotumia pleti, kwa kawaida hutaka pikseli 300 kwa kila inchi katika ukubwa wa mwisho, kwa hiyo nembo yenye upana wa pikseli 600 inatosha inchi 2, yaani sentimita 5 hivi. Ukiivuta ifike sentimita 10, zinabaki pikseli 150 kwa inchi, na kingo za herufi zitaonekana kama meno. Tena hiyo 300 ni ya picha za watu na mandhari. Nembo ina kingo kali, na kingo kali huonyesha ubovu mapema kuliko uso wa mtu. WhatsApp nayo huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama dokumenti hufika kama ilivyotoka, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwomba mtu anaponiambia kwamba nembo anayo kwenye simu.

Pana hila nyingine inayofanya watu wadhani wamepata vekta. Programu nyingi za kuchora zina kitufe cha kufuatisha picha na kuigeuza kuwa mistari. Matokeo yake kweli ni vekta, lakini vekta iliyofuatisha ubovu wa picha: kona zimeviringika, mistari iliyonyooka imekuwa na mawimbi, na herufi O imekuwa kama yai lililobonyea. Duara lililochorwa sawasawa huwa na nukta nne tu zinazoshikilia mkunjo wake. Ukilifungua duara ukakuta nukta arobaini, ujue limefuatishwa na kompyuta. Hisabati ya mikunjo hiyo ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, ambako Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitafuta namna ya kueleza umbo la bodi ya gari kwa nukta chache. Nukta chache ndiyo siri ya uzuri wake. Nembo rahisi iliyoharibika namna hiyo ni afadhali uichore upya kwa mkono kuliko kukaa ukifuta nukta mojamoja.

Vilevile, kiambishi cha mwisho cha jina la faili hakithibitishi chochote. PDF, EPS na hata faili ya Illustrator, programu ya Adobe ya kuchora, zinaweza kubeba picha ya pikseli ndani yake bila haya yoyote. Njia ya kuzijaribu ni kuifungua nembo katika programu ya kuchora na kuitazama katika hali inayoonyesha mistari mitupu bila rangi. Ukiona sanduku tupu au sanduku lenye alama ya msalaba, ulicho nacho ni picha iliyofungwa ndani ya bahasha ya vekta. Hali hiyohiyo hukuonyesha takataka zilizofichika: masanduku meupe nyuma ya nembo, vipande vilivyobaki vya rasimu, na maandishi yaliyosahauliwa pembeni ambayo yataifanya nembo ionekane kubwa kuliko ilivyo utakapotaka kuipanga na nyingine.

Baada ya hapo huja fonti, na hapa Mombasa ina habari yake. Kanuni ya jumla inajulikana: herufi za nembo zigeuzwe kuwa maumbo, ili kompyuta ya kiwandani isiyo na fonti hiyo isiweke nyingine badala yake. Lakini nembo nyingi za mji huu zina maandishi ya Kiarabu. Madrasa, misikiti, maduka ya nguo, mahoteli ya biriani, vyama vya kuzikana; wote hupenda jina lao lisomeke kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pamoja. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo katika neno, na programu isiyojua kuunganisha herufi hizo huzitawanya moja moja na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Anayejua kusoma ataona mara moja. Asiyejua hataona lolote, na kitabu kitachapwa jina la madrasa likiwa limegeuka upuuzi mtupu. Ndiyo maana naomba nembo za namna hiyo zigeuzwe kuwa maumbo kwenye kompyuta ileile zilikochorwa, kisha mtu anayesoma Kiarabu azitazame kabla hazijaletwa.

Hata zikishageuzwa, kazi haijaisha. Katika fonti nyingi za Kiarabu herufi zinazoungana hupandana kidogo pale zinapokutana, ili pasiwe na mwanya. Zikiwa fonti, mpandano huo hauonekani. Zikishakuwa maumbo, mambo matatu yanaweza kutokea. Mtu akiweka mstari wa pembeni, mstari huo utapita katikati ya maungio na neno litaonekana kama limekatwakatwa. Akizipunguzia ujazo kila herufi peke yake ili ziwe nusu wazi, maungio yatakuwa meusi zaidi kuliko sehemu nyingine. Na maumbo hayo yakiunganishwa kuwa umbo moja kwa kanuni isiyofaa ya ujazaji, pale yalipopandana hutokea matundu meupe, kama kwamba neno limeliwa na nondo. Dawa ya yote matatu ni moja: kuyayeyusha maumbo yote ya neno yawe umbo moja lenye mzingo mmoja, kisha kuzikagua nukta za herufi, zile za juu na za chini, maana hizo husahaulika nje ya umbo na kubaki nyuma nembo inaposogezwa. Neno likipoteza nukta moja ni neno jingine.

Mistari ina hatari ya kimyakimya zaidi. Nembo ambayo mistari yake imeachwa kuwa mistari, badala ya kugeuzwa kuwa maumbo yaliyojazwa, inategemea mpangilio wa programu inapopunguzwa au kukuzwa. Mpangilio ukiwa vingine, unene wa mstari hubaki uleule huku nembo ikipungua, na duara jembamba lililokuwa pambo hugeuka pete nene inayoyameza maandishi yaliyo ndani yake. Kibaya zaidi ni ule mstari mwembamba kupita yote ambao baadhi ya programu huuita unywele. Maana yake ni mstari mwembamba kadiri kifaa kinavyoweza. Printa ya ofisi yenye nukta 600 kwa inchi huuchapa kwa unene wa milimita 0.04 hivi, na mtu akautazama akaridhika. Mashine ya kutengeneza pleti yenye nukta 2400 kwa inchi itauchora kwa unene wa milimita 0.01, na juu ya karatasi hautaonekana. Mimi siruhusu mstari wowote wa rangi kamili upungue chini ya pointi 0.25, na mstari mweupe ndani ya rangi nyeusi siupunguzi chini ya pointi 0.5. Mteja akilalamika kwamba nembo yake imenenepa, namwonyesha ilivyo katika upana wa sentimita 2, ambao ndio upana atakaoupata kwenye ukurasa wa wadhamini.

Sasa nije kwenye rangi, ambako ndiko fedha na heshima hupotea.

Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Mashine ya ofseti huchapa wino wa sayani, majenta, manjano na mweusi, kila mmoja kutoka kwenye pleti yake. Nembo iliyochorwa kwa rangi za kioo lazima igeuzwe kwenda rangi za wino, na kama hukuigeuza wewe kwa makusudi, itageuzwa na programu kwa kanuni zake. Buluu kamili ya kioo, ile yenye 0, 0 na 255, katika mpangilio uliozoeleka wa Adobe kwa soko la Marekani huwa sayani 88 na majenta 77, na juu ya karatasi hiyo si buluu tena bali ni zambarau. Kampuni nyingi za pwani hupenda buluu kwa sababu ya bahari, na nimeona bahari nyingi zikichapwa zambarau. Ili buluu ibaki buluu, majenta inapaswa kuwa chini ya sayani kwa tofauti kubwa, thelathini au zaidi: sayani 100 kwa majenta 70 au pungufu. Kijani kikali cha kioo na rangi ya machungwa navyo hufifia, na hakuna namna ya kuvirudisha kwa rangi nne hizo. Ni vyema mteja aambiwe mapema na kuonyeshwa kwenye karatasi.

Nyeusi ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kwenye kioo nyeusi ni nyeusi. Lakini nyeusi ya RGB, yaani ya rangi za kioo, ikigeuzwa kwa mpangilio huohuo huwa sayani 75, majenta 68, manjano 67 na nyeusi 90, jumla asilimia 300 ya wino mahali pamoja. Sasa chukua nembo yenye kaulimbiu ya herufi ndogo za pointi 6 chini ya jina, ambayo miguu ya herufi zake haifiki hata nusu milimita. Herufi hizo zinapaswa kuchapwa mara nne, na kila mara zitue mahali palepale pasi na kuteleza hata unywele mmoja. Haziwezi. Zitatoka na vivuli vyekundu upande mmoja na vya kijani upande mwingine, na msomaji atadhani macho yake yamechoka. Herufi ndogo nyeusi ni za wino mweusi peke yake, asilimia 100, basi. Nyeusi nzito iliyochanganywa na rangi nyingine ina mahali pake kwenye maeneo mapana, mathalani sayani 60, majenta 40, manjano 40 na nyeusi 100, na hata hapo ni lazima jumla ya wino iulizwe kiwandani, kwa sababu karatasi ya gazeti haivumilii kiasi kinachovumiliwa na karatasi inayong'aa.

Jambo hili la rangi kukaa rejista, yaani kila rangi kutua juu ya mwenzake, lina uzito zaidi katika mji wetu. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, zaidi upande unaokata nyuzi zake kuliko upande unaofuatana nazo. Mombasa iko ndani ya bahari, na unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70. Karatasi iliyofunguliwa kwenye stoo isiyo na kiyoyozi haina kipimo kilekile ilichokuwa nacho kwenye pakiti, na ikipitishwa mashine ya rangi mbili, ambayo ni lazima iipitishe karatasi mara ya pili ili kumaliza rangi nne, kati ya mpito wa kwanza na wa pili karatasi huwa imebadilika tena. Mzee mmoja anayeendesha mashine ya Heidelberg kuelekea Shimanzi aliniambia nilipokuwa nasubiri kazi: "Mwanangu, karatasi imekunywa hewa. Rangi nitaipata katikati, pembeni usinidai." Hakuwa mzembe, alikuwa anaeleza fizikia. Toka hapo nembo zenye maelezo madogo ya rangi nyingi siziweki pembeni kabisa mwa karatasi kubwa kama ninaweza kuziweka mahali pengine, na nembo inayoweza kuchapwa kwa rangi moja naichapa kwa rangi moja.

Hapo ndipo thamani ya wino maalumu inapoonekana. Mfumo wa Pantone, ulioanza mwaka 1963, humwezesha mteja kutaja wino kwa nambari, na kiwanda kikauchanganya kabla ya kuutia mashineni. Kahawia ya rangi nne hutengenezwa kwa nukta ndogondogo za rangi mbalimbali, mistari 150 ya nukta kwa kila inchi, na kingo za herufi nyembamba hukwaruzika kwa sababu ni nukta tupu. Kahawia ya wino maalumu ni rangi moja iliyojaa, na kingo zake ni kali kama wembe. Watu wa leso wanaijua habari hii kuliko sisi wa kompyuta. Leso zilizopangwa kwenye maduka ya Barabara ya Biashara hazikuchapwa kwa kuchanganya nukta. Kila rangi ya pindo na ya mji ina chombo chake cha kuchapia, na mchoraji anapobuni huwaza tangu mwanzo kwa idadi ya rangi zitakazolipiwa. Dizaina wa nembo aliyelelewa kwenye simu hawazi hivyo, na mara nyingi huniletea nembo yenye mteremko wa rangi tano kwa ajili ya duka linalotaka kuchapa vitabu vya risiti vya rangi moja.

Wino maalumu una mtego wake ukurasani. Kila jina la rangi maalumu ndani ya hati huzaa pleti yake. Mdhamini mmoja akileta nembo mbili, moja ikiwa na Pantone 293 C na nyingine 293 U, programu huhesabu rangi mbili ingawa wino wenyewe kimsingi ni uleule. Herufi C na U hueleza tu jinsi unavyoonekana kwenye karatasi iliyopakwa na isiyopakwa. Ongeza nembo ya zamani iliyoiita rangi hiyohiyo kwa jina jingine, na ukurasa uliopangiwa pleti nne unadai saba. Kama ukurasa mzima utachapwa kwa rangi nne, rangi zote maalumu zigeuzwe mapema, kwa thamani ulizozichagua wewe na kuziona kwenye karatasi. Kama wino maalumu utatumika kweli, majina yote yaelekezwe kwenye jina moja, na InDesign ina kidirisha cha wino kinachofanya hivyo bila kuzigusa faili zenyewe. Mwaka 2022 maktaba nyingi za Pantone ziliondolewa kwenye programu za Adobe, na tangu wakati huo nakutana na rangi zilizobatizwa kwa kubahatisha, kwa hiyo siamini jina pekee. Naitafuta kwenye kitabu cha vipande vya rangi, hata kama kitabu chenyewe kimechakaa.

Ukishazijua rangi, bado hujajua zinavyokutana. Kwa kawaida umbo la juu hutoboa la chini, ili karatasi iwe nyeupe pale umbo la juu litakapochapwa. Ovaprinti ni agizo la kinyume: usitoboe, chapa juu. Kwa herufi nyeusi agizo hilo ni jema, maana wino mweusi ukichapwa juu ya manjano hubaki mweusi na hakuna mwanya mweupe hata karatasi ikitanuka. InDesign yenyewe huipa nyeusi kamili agizo hilo tangu mwanzo. Lakini nembo ya herufi nyeusi zenye ovaprinti ikibadilishwa rangi kuwa nyeupe ili ikae juu ya mandhari ya buluu, agizo la zamani linaweza kubaki ndani. Nyeupe katika ofseti si wino, ni kukosekana kwa wino, na ukiambiwa uchape kutokuwepo kwa wino juu ya buluu bila kutoboa, utapata buluu tupu. Kwenye kioo nembo inaonekana, kwenye printa ya ofisi mara nyingi inaonekana, kwenye kitabu haipo. Nimewahi kukishika kijarida cha namna hiyo, kilichochapwa na kiwanda ambacho sitakitaja, chenye mstatili mzuri wa buluu mahali ambapo mdhamini mkuu alilipia jina lake. Kuwasha hakikisho la ovaprinti, yaani mwonekano wa kioo unaoyatii maagizo hayo, kabla ya kutoa PDF kungelifichua kosa hilo papo hapo.

Namna ya kuiingiza nembo ukurasani ni jambo ambalo wengi hulidharau. Iingizwe kama faili iliyounganishwa, isinakiliwe kutoka dirisha moja na kubandikwa kwenye jingine. Ikibandikwa, inaweza kuvunjika kuwa vipande vingi vinavyosogea kimoja kimoja, na rangi zake kujaza orodha ya rangi za hati. Zaidi ya hayo, mdhamini akileta nembo mpya siku ya mwisho, itabidi uitafute kila ilipo. Ikiwa imeunganishwa, unabadilisha faili moja na kurasa zote zinafuata. Faili ya Illustrator ihifadhiwe ikiwa na sehemu yake ya PDF ndani, la sivyo InDesign haitaona chochote cha maana. Ya CorelDRAW itolewe kama PDF, maandishi yakiwa yamegeuzwa. EPS naipokea kwa adabu, ila siipendi tena: ni ya zama za PostScript, lugha ambayo Adobe iliitoa mwaka 1984, na haijui uwazi wa vivuli, kwa hiyo huvipasua vipande. SVG ni nzuri kwa tovuti, lakini hubeba rangi za kioo. Wanaotumia Scribus, programu ya kupangia kurasa ambayo ni ya bure na inayafahamu vyema mambo ya CMYK, zile rangi nne za wino, na rangi maalumu, wakumbuke kwamba Inkscape, programu ya kuchora, kwa asili hufanya kazi kwa RGB, kwa hiyo nembo ikitoka huko rangi zake zipangwe upya ndani ya Scribus.

Usishtuke pia nembo ikionekana chakavu baada ya kuingizwa. InDesign huonyesha sura nyepesi ili kurasa zisonge haraka, na mpangaji mpya anaweza kuitupa vekta safi akaweka picha ya pikseli kwa sababu tu ilionekana laini zaidi kwenye kioo. Badilisha ubora wa mwonekano, ndipo uhukumu.

Vivuli na uwazi vinataka tahadhari ya mwisho. Kivuli kilichowekwa kwenye nembo ndani ya programu ya kuchora kimetengenezwa kwa pikseli hata kama nembo ni vekta, na hati ikiwa ilianzishwa kwa ajili ya tovuti, kivuli hicho kinaweza kuwa cha pikseli 72 kwa inchi. Rai yangu ni kuvifuta vivuli vyote kwenye nembo za chapa, na mteja mwenye kuking'ang'ania atengenezewe kipya ukurasani. Kuhusu PDF ya kutoa, muulize mwenye kiwanda. PDF/X-1a, kiwango cha mwaka 2001, hutaka uwazi wote uwe umeyeyushwa, na kwenye maungio ya kuyeyusha mara nyingine huonekana nywele nyeupe au sanduku hafifu kuizunguka nembo. PDF/X-4, iliyotolewa kwanza mwaka 2008, huuacha uwazi ukiwa hai mpaka kwenye mashine ya kutengeneza pleti, na kama mfumo wa kiwanda ni wa kisasa, hiyo ndiyo ya kuchagua. Kiwanda kisichojua kinachotumia kipelekewe ukurasa mmoja wa kujaribia kwanza.

Kabla ya kuituma PDF naifungua katika kidirisha kinachozitenganisha rangi, nikizizima moja moja. Nikiiacha nyeusi peke yake, kaulimbiu zote ndogo zinapaswa kubaki. Zilizotoweka au kufifia zina rangi nyingine ndani. Nikiizima nyeusi, herufi ndogo zisiache mzimu wowote nyuma. Kisha nauliza ukurasa una pleti ngapi, na jibu likizidi lile tuliloafikiana na kiwanda, narudi kutafuta nembo iliyoleta mgeni. Printa ya leza ya dukani haitoshi kuwa ushahidi wa haya, kwa sababu mara nyingi huzigeuza rangi maalumu na kupuuza ovaprinti kwa kanuni zake yenyewe. Inafaa kusahihishia maandishi, na pengine kumtuliza mwenye kitabu.

Nembo iliyopita katika safari hiyo sifuti. Naihifadhi kwa sura nne: ya wino maalumu, ya rangi nne, ya nyeusi pekee, na ya nyeupe kwa ajili ya mandhari yenye rangi, kila moja ikiwa na jina linalosema ni ipi. Ile nyeupe siyo ya nyeusi iliyogeuzwa tu. Wino hutanuka ukigusa karatasi, na kwenye nembo nyeupe hutanuka kuelekea ndani, ukivamia herufi kutoka pande zote. Kwa hiyo mistari yake naiongezea unene kidogo, na nafasi kati ya herufi ndogo naipanua, zaidi kwa karatasi isiyong'aa kuliko inayong'aa.